Samaki wa Kilindini na Njia ya Kurudi (Sehemu ya Pili)

Mgongo wazi unaokaangwa jioni vibandani Kahawa Wendani ni mifupa ya sangara ambaye minofu yake imekwenda ng'ambo. Katika Ziwa Victoria, kanuni zinataka sangara huyo avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Mdogo aachwe akue; mkubwa aachwe azae, kwa kuwa wakubwa kabisa wengi ni majike, na jike mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Ila samaki aliyetolewa kilindini haponi kwa kuachiliwa tu.

Sangara ana kibofu cha hewa kinachomwezesha kutulia majini bila kuhangaika. Kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo aliyekuwa mita 30 chini akifikishwa juu, hewa ya kibofuni hutaka kutanuka mara nne. Nayo haina mlango wa kooni. Hupungua kupitia damu tu, kwa saa nyingi. Kumvuta polepole kwa dakika kadhaa hakumfai kitu. Huibuka tumbo limevimba, macho yametokeza, na ukimwachia huelea chali.

Trauti ameumbwa vingine. Hawa wa mito ya Nyandarua, ambao mayai ya kwanza yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, wana mfereji kati ya kibofu na koo. Ndugu yao mkubwa wa maziwa baridi ya Amerika Kaskazini, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 50, anao pia: akivutwa kwa utaratibu hucheua hewa, na mvuvi huona mapovu yakimtangulia. Adui yake ni joto la maji ya juu wakati wa kiangazi, basi arudishwe upesi.

Sangara hutaka kushushwa alikotoka kwa kibanio chenye uzito, mkandamizo uibane hewa ya kibofuni, kisha kibanio kiachie. Mvuvi wa burudani anaweza hilo. Mtumbwi wenye nyavu nyingi usiku hauwezi, na kuulaumu ni kuuonea. Huko jike mkubwa huokolewa kabla hajanaswa, kwa wavu wenye macho yanayomshika wa wastani huku yeye akigonga na kugeuka. Juma lijalo tutaanza na macho hayo.