Alama 86, Mtoto Hatarini

Kipindupindu si mgeni katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Kinapozuka Rumonge, ambako wapo wanaochota maji ya ziwa, tangazo lililoandikwa kwa Kifaransa linatakiwa liwafikie watu haraka kwa Kirundi na Kiswahili. Mashine ya kutafsiri huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na wenye mashine hutuonyesha alama zake. Alama hizo hupima nini hasa?

Kipimo kilichozoeleka, BLEU, kilitangazwa mwaka 2002 na Kishore Papineni na wenzake wa kampuni ya IBM. Huilinganisha tafsiri ya mashine na ya mtu, kikihesabu maneno yaliyofanana, moja moja, kisha yanayofuatana mawili, matatu, hadi manne. Alama ya juu ni 100.

Tuseme mfasiri ameandika: “Mpe mtoto maji ya chumvi na sukari kila anapoharisha.” Mashine ikaandika: “Usimpe mtoto maji ya chumvi na sukari kila anapoharisha.” Maneno manane kati ya tisa yamelingana. Nimepiga hesabu: BLEU inatoa takriban 86. Mashine nyingine ikisema, “Kila mara mwanao akiharisha, mnyweshe maji yaliyotiwa sukari na chumvi,” inapata sifuri, kwa sababu hakuna hata maneno mawili yaliyofuatana kama ya mfasiri. Ushauri sahihi umeanguka, wa hatari umefaulu!

Ni kweli, BLEU ilikusudiwa kupima sentensi nyingi kwa pamoja. Lakini mama mwenye mtoto anayeharisha husoma sentensi moja. Lugha zetu pia hubeba ukanushi ndani ya kitenzi, Kirundi kadhalika, hivyo kosa kubwa hujificha katika silabi moja au mbili.

Vipimo vipya vimesogea mbele. chrF ya Maja Popović, ya 2015, huhesabu mfuatano wa herufi, jambo linalozifaa lugha zenye viambishi vingi. COMET ya 2020 imefunzwa kwa hukumu za watu, na AfriCOMET imeiendeleza kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hata hivyo, uliza daima: alama imepatikana kwa matini gani? FLORES-200, mtihani uliotumika kupima mashine ya Meta ya lugha 200 mwaka 2022, una sentensi za habari, safari na elimu. Kufaulu humo hakuthibitishi kwamba tangazo la kipindupindu ni salama.

Kwa hiyo, kabla tangazo halijabandikwa sokoni Rumonge, asomewe mkazi mmoja, kisha aulizwe: mtoto akiharisha usiku huu, utafanya nini?