Rambirambi za Mwenzetu wa Steji Zifike Nyumbani Kwake

Mwendesha boda akifariki, steji nzima huingia huzuni. Ukipita Garsen siku ya mazishi utaona pikipiki zimepangwa mstari, taa zimewashwa mchana, matawi yamefungwa kwenye usukani. Wenzake wanamsindikiza kwa honi hadi kwao, iwe ni Ngao, Tarasaa au kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Tana. Akiwa Mwislamu, huenda akazikwa siku hiyohiyo, kabla hata simu za pole hazijakwisha kuingia.

Na kabla msafara haujaondoka, mchango huwa umeshaanza. Huyu anatuma 100, yule 200, na aliyehamia Malindi anatuma 500 na ya kutolea. Kwenye orodha moja, majina ya Kipokomo, Kiorma, Kiwardei na Kigiriama yanafuatana. Wanaokumbuka mapigano ya 2012 hapa Delta wanajua orodha kama hiyo ina uzito gani.

Kuomboleza hatuwezi kumfundisha mtu. Kazi yetu sisi ni pesa za simu, kwa hivyo tunaomba tuongee juu ya hiyo orodha: vipi kila shilingi iliyotolewa kwa jina la marehemu itafika kwa mjane na watoto wake.

Usitume kwenye namba ya marehemu

Namba yake kila mtu anayo. Ndiyo abiria walikuwa wakilipia nauli, na kwa uchungu wengi hutuma mchango hapohapo. Tafadhali usifanye hivyo. Pesa zilizo kwenye akaunti yake sasa ni mirathi, na Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Hata mkewe akiijua namba ya siri, asiitumie. Na yule jamaa anayesema, "Lete simu nikutolee upesi," mkatalieni kwa adabu. Simu na kadi yake ya laini vikae na familia.

Mchango wako ukiingia humo, utakaa hadi makaratasi yakamilike. Familia ianze na kibali cha mazishi, kisha cheti cha kifo, na itunze kitambulisho cha marehemu. Idhini ya mirathi hutolewa na mahakama, na Garsen mahakama ipo. Waislamu wanaweza kupeleka shauri lao kwa Kadhi. Mkishapata karatasi hizo, njooni kwetu huduma kwa wateja tuwaongoze.

Chagueni namba ya mchango kwa makini

Kama steji yenu imesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, ombeni Paybill kwa jina la kikundi. Kama bado, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo itawaelekeza. Msiba ukiwakuta kabla hamjajisajili, mteueni mweka hazina mmoja, na mumuulize swali hili bila haya: je, laini yako ina deni?

Si kumdharau. Laini yenye deni la mkopo wa ziada hujilipa yenyewe kila pesa zikiingia. Watu ishirini watatuma rambirambi, deni litakatwa, na mweka hazina wa watu ataonekana mwizi bila kuiba hata senti. Tumieni laini isiyo na deni wala kazi nyingine.

Bango lenye picha ya marehemu likisambaa kwenye WhatsApp, piga simu kwanza kwa mtu unayemjua. Tapeli anahitaji kubadilisha tarakimu moja tu. Halafu kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini.

Kila jioni, mweka hazina aweke orodha kwenye grupu: nani ametoa, kiasi gani, jumla ngapi. Akishatuma kwa familia, aweke pia ujumbe wa uthibitisho. Hakuna atakayebaki akinung'unika pembeni.

Maji yakikata njia

Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, yalitukumbusha kwamba Mto Tana ukijaa, pikipiki haifiki kila mahali. Pesa za simu hufika, ila ajenti wa kijijini anaweza kukosa pesa taslimu. Mpigieni kabla ya kutuma. Mjane akilazimika kutoa kidogokidogo, kila mara ada inakatwa. Mwongezeeni ya kutolea.

Baada ya arobaini

Hapa ndipo wengi husahau. Pikipiki nyingi ni za mkopo, na mkopeshaji atapiga simu. Kabla hamjarudisha chombo, someni mkataba au mumuulize: je, mkopo huu una bima inayolipa deni mkopaji akifariki? Mikopo mingine inayo, na familia haijui. Jueni pia kwamba bima ya lazima ya mtu wa tatu haimfidii mwendeshaji mwenyewe. Anahitaji bima ya ajali ya kwake.

Wekeni pia siku ya kumkumbuka. Jumapili ya tatu ya Novemba kila mwaka ni siku ya dunia nzima ya kuwakumbuka waliofariki barabarani. Siku hiyo steji inaweza kuyasoma majina yao, halafu kila mmoja akatuma kidogo kwenye mfuko wa kikundi. Januari shule zikifunguliwa, mtoto wa mwenzenu atapata sare, na atajua steji ya baba haijamsahau.

Nawe unayesoma haya ukisubiri abiria pale makutano ya Minjila: leo jioni mwambie mtu mmoja nyumbani una akaunti gani, chama gani, mkopo gani na bima gani. Namba ya siri usimpe. Andikisha jina la mrithi wako kwenye daftari la kikundi. Ni mazungumzo ya dakika tano, na hayaleti mkosi.

Poleni kwa wote mliowapoteza. Vaeni helmeti, mfike salama.