Bonasi ya Majani Chai Ikiingia, Ngoja Simu ya Mama Ilie

Matatu ikikushusha Litein, Kapkatet au Mogogosiek na una njaa, usihangaike kutafuta mkahawa wa menyu ndefu. Tafuta hoteli. Tunamaanisha ile ya mabati na benchi za mbao, yenye sufuria ya chai isiyotoka motoni.

Asubuhi ni chai ya maziwa na chapati au mandazi. Mchana kuna kimyet, yaani ugali, na nyama, sukuma wiki au isageek, mboga ya kienyeji yenye uchungu kidogo ambayo wengi huipika na maziwa. Pembeni, itisha mursik. Haya ni maziwa yaliyolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, ndiyo maana yana rangi ya kijivu. Kikombe cha kwanza kinaweza kukushtua. Cha pili utakiitisha mwenyewe.

Karibu na sufuria kuna kitu kingine muhimu: daftari la deni. Wakulima wengi wadogo wa Kericho na Bomet huuza majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Hulipwa kwa kilo kila mwezi, halafu bonasi huja mara moja kwa mwaka, mara nyingi karibu na Oktoba. Katikati ya hapo, mtu hula leo na kulipa majani yakilipwa. Bonasi ikiingia, madeni yanafutwa, meza zinajaa, na matapeli nao wanafika.

Mama mmoja mwenye hoteli alitusimulia yaliyompata msimu kama huo. Wateja wanne walikula nyama, wakanywa mursik na soda, bili ikafika shilingi 1,850. Mmoja akamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Mama alikuwa na chapati motoni, akaitikia kwa kichwa tu. Jioni alipopiga hesabu, hakuna kitu kilichoingia. Nyama yenyewe alikuwa ameichukua buchari kwa mkopo.

Tulimuuliza kwa nini hakuangalia simu yake kwanza. Alisema aliona haya. Kwake, kumwambia mgeni aliyeshiba angoje ni kama kumwita mwizi.

Hapo ndipo sisi wateja tunaweza kusaidia. Pesa kwa simu imekuwa nasi Kenya tangu 2007, na kungoja nusu dakika kusimkasirishe mtu.

Ukiwa mteja:
- Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Till ya hoteli inaweza kuwa na jina tofauti na lile la ubao wa mlangoni, kwa hivyo uliza.
- Ukituma kwa namba isiyo sahihi, omba kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatumika.
- Usiondoke kabla mwenye hoteli hajasema ameipata.

Ukiwa mwenye hoteli:
- Simu ya mteja si ushahidi. Amini ujumbe ulioingia kwako, na ukiwa na shaka angalia salio.
- Mtu akidai ametuma zaidi na anataka umrudishie, usikimbilie kutuma. Hakikisha kwanza kwamba pesa iliingia, kisha mwelekeze apige huduma kwa wateja.
- PIN ni yako peke yako. Hata kijana anayekusaidia kuhudumu asiijue.

Yule mama bado anapika. Siku hizi simu iko kwenye mfuko wa aproni, na kabla hajaitikia huitoa akasoma ujumbe. Anasema wateja wake wa kweli hawajawahi kulalamika.

Kwa hivyo Oktoba hii ukipitia huko, kula ushibe, lipa, sema "kongoi", halafu ngoja simu ya mama ilie. Ndio uondoke.