Istilahi za Ngozi ya Juu: Matabaka na Protini Zake, kwa Kuzingatia Hali ya Garissa

1. Tatizo

Neno ngozi katika Kiswahili lina mzigo mkubwa. Huitwa ngozi ile inayomfunika mtu aliye hai. Huitwa ngozi vilevile ile ya mbuzi iliyowambwa juani, na hata ile iliyokwisha kutengenezwa ikawa kiatu. Mjini Garissa, kando ya mto Tana, penye soko la mifugo lijulikanalo Kenya nzima, maana hizo tatu hukutana kila siku. Wenyeji walio wengi wa huko, kama walivyo wa Wajir na Mandera, husema Kisomali, na lugha hiyo huzigawa maana hizo: maqaar ni ngozi kwa jumla, hasa ya mtu, harag ni ya mbuzi au kondoo, saan ni ya ng'ombe au ngamia.

Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ndicho aghalabu husimama kati ya mfugaji na mhudumu wa afya aliyetoka sehemu nyingine ya nchi. Kwa hiyo upungufu wa istilahi si jambo la wanaisimu peke yao. Mtu aliyeunguzwa na maji ya moto akieleza kwamba "ngozi imetoka," maneno hayo yaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali. Ikiwa iliyoondoka ni ngozi ya juu tu, jeraha kwa kawaida hupona bila kovu. Ikiwa moto umepenya ngozi ya ndani hadi chini yake, huenda mgonjwa akahitaji kupandikizwa ngozi.

2. Matabaka na protini bainishi

Wataalamu huigawa ngozi ya mtu katika sehemu mbili: epidemisi, yaani ngozi ya juu, na demisi, yaani ngozi ya ndani. Epidemisi ni nyembamba mno. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama milimita 0.1, ila katika nyayo huzidi milimita moja. Haina mishipa ya damu. Seli zake huzaliwa chini, hupanda juu, hufa, kisha hupukutika. Safari hiyo huchukua majuma kadhaa. Kila hatua ya safari ni tabaka, na kila tabaka lina protini zinazolibainisha.

Tabaka la chini kabisa ni tabaka la msingi. Hapo seli hugawanyika, na protini zake bainishi ni keratini 5 na keratini 14. Hapo pia ndipo zinapokaa seli zitengenezazo melanini, rangi inayoikinga ngozi na jua. Juu yake ni tabaka la miiba, ambapo seli huacha keratini hizo mbili na kutengeneza keratini 1 na 10; sehemu yake ya juu huanza pia kuonyesha involukrini. Hufuata tabaka la chembechembe, lenye filagrini na lorikrini. Katika viganja na nyayo huonekana tabaka angavu. Mwisho ni tabaka la pembe, ambalo ni seli zilizokufa, zilizoshikamana na kuwa ukuta wa kuzuia maji ya mwili yasipotee. Katika nchi kame, faida ya ukuta huo haihitaji maelezo marefu.

Majina ya protini hizi si ya kubahatisha. Keratini limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pembe. Nayo ndiyo protini ya pembe, kwato na nywele. Lorikrini hutokana na neno la Kilatini la vazi la chuma la askari, na involukrini na neno la kifuniko. Filagrini ni mkato wa maneno ya Kiingereza yaelezayo kazi yake ya kukusanya nyuzi.

Faida ya protini bainishi ni kwamba humwonyesha tabibu mahali penye kasoro. Mwaka 1991 ilithibitishwa kwamba kasoro ya keratini 14 husababisha ugonjwa wa kurithi ambao ngozi hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo. Mwaka 2006 kasoro za filagrini zilihusishwa na ngozi kavu yenye magamba na ukurutu.

3. Hazina iliyomo katika lugha

Yafaa kuzingatia kwamba Kiswahili, ingawa hakina nomino moja iliyozoeleka ya epidemisi, kina maneno yanayoeleza kila linaloipata. Kuchubuka ni kuondokewa na ngozi ya juu. Lengelenge ni maji yaliyokusanyika ndani ya ngozi hiyo au chini yake. Sugu ni tabaka la pembe lililonenepa kwa kusuguliwa. Kovu, kinyume chake, ni alama ya jeraha lililofika katika ngozi ya ndani.

Kazi ya kutengeneza ngozi hushuhudia mgawanyo huohuo. Ngozi mbichi ikitiwa katika maji ya chokaa, nywele na epidemisi hulegea, kisha hukwanguliwa. Kinachobaki na kutiwa dawa ya magome ni demisi. Hivyo kiatu cha ngozi hakina ngozi ya juu hata chembe. Jina ni moja, kitu ni nusu.

4. Pendekezo

Kutokana na hayo, istilahi zahitaji ngazi mbili. Katika maabara na vitabu, epidemisi, demisi na majina ya protini yatumike kwa tahajia ya Kiswahili. Katika mazungumzo na mgonjwa, yatumike ngozi ya juu na ngozi ya ndani. Neno tabaka lihifadhiwe kwa sehemu zilizomo ndani ya epidemisi tu, kwani "tabaka la juu la ngozi" laweza kufahamika kuwa epidemisi yote au tabaka la pembe peke yake. Na mhudumu asiridhike na jibu kwamba ngozi imetoka. Aulize kama imechubuka, imetoka lengelenge, au imeliwa hadi ndani. Maneno hayo yamo katika lugha tangu zamani. Lililobaki ni kuyapa nafasi yake katika istilahi.