Ordinatere Nayo Inaomba Usalama

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Siku hizi fishi ya mgonjwa huandikwa katika ordinatere. Ikipotea, munganga atajuaje kwamba penisilini inakudhuru? Hapo ni uhai wako.

Tarehe 12 Mei 2017 virusi WannaCry vilifunga ordinatere za hospitali nyingi za Uingereza. Wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kinga yake Microsoft ilikwisha kuitoa mwezi Machi, lakini wengi hawakuitia.

Ninyi mnaoshika mashine hizi hapa Kindu, fuateni haya:

1. Tieni masahihisho kila yanapotoka. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

2. Kazi ya kila siku isifanywe kwa jina la msimamizi. Virusi vikiingia humo, vinapata funguo zote.

3. Kila jioni fanyeni nakala; moja ikae mbali, bila kuunganishwa na mashine. Mara kwa mara jaribuni kuifungua.

4. Umeme ukikatika ghafula, maandishi huharibika. Wekeni betri, kisha zimeni serveri kwa utaratibu.

Kofia ya mgodini huvaliwa kabla jiwe halijaanguka.