Windo 10 nimeizoea, Windo 11 inataka mahari

WIKI hii mapenzi ya watu tuyaweke pembeni, niongelee yangu na laptopu. Usicheke! Hii mashine ndiyo inayonilipia chumba hapa Tandika, na Oktoba ya mwaka 2025 ilinitoa jasho.

Basi bwana, nilikuwa nachapa barua ya mteja, mara ukajitokeza ujumbe umejaa kioo kizima. Kwa kifupi ulisema hivi: Windows 10 inafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako haina sifa za kupanda kwenda Windows 11. Nikaufunga. Kesho yake ukarudi, kama mtu anayekudai.

Mimi na Windo 10 tumetoka mbali. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo sitayataja hapa, kaka yangu akanichangia nikanunua laptopu ya mtumba Kariakoo. Nikaanza kuchapa CV, barua za kazi, kadi za michango ya harusi. Haya makala unayosoma nayo yanatoka humo humo. Kila kitu najua kilipo, hata gizani umeme ukikatika.

Windo 11 nayo si ngeni. Ilitoka Oktoba 2021 na nimeichezea kwa mshikaji wangu mmoja. Kitufe cha kuanzia kimehamia katikati, japo unaweza kukirudisha kushoto. Kona za madirisha zimekuwa za duara. Ukibonyeza panya upande wa kulia, menyu inakuja imekatwa nusu, ulichokuwa unakitafuta kimefichwa ukurasa wa pili. Inakera, lakini mtu unazoea ndani ya wiki. Kwangu mimi kasheshe haikuwa sura, ilikuwa mahari.

Maana Windo 11 inataka mahari kweli kweli. Memori isipungue GB 4, hifadhi GB 64, na kijidude cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za siri za mashine. Juu ya hapo inataka prosesa ambayo si ya zamani. Kwa upande wa Intel, ukiacha chache sana, ni kuanzia kizazi cha 8, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Yangu ina TPM 2.0, memori GB 8, kila kitu safi. Prosesa ni i5-6300U. Hiyo 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Nikachemsha hapo!

Nikaenda kwa fundi mmoja anayepiga windo mtaani. Akaiangalia kidogo, akanirudishia tabasamu.

“Kaka, usijipe presha. Elfu ishirini tu, nakupigia 11 sasa hivi. Kuna njia ya kuruka ule ukaguzi.”

“Na masasisho yatakuja?”

“Yatakuja. Yasipokuja unarudi kwangu.”

Hapo ndipo niliposhtuka. Njia ya kuruka ipo kweli, hakudanganya. Ila Microsoft wenyewe walishasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Sasa nitoe elfu ishirini niikimbie windo isiyozibwa matundu, niende kwenye nyingine ambayo nayo huenda isizibwe?

Pengine ningekubali, maana elfu ishirini si nyingi na nilikuwa nimechoka na ule ujumbe. Aliyenizuia ni mama mmoja jirani yangu. Jioni ile alikuja na vyeti vya mwanawe, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho chake, na namba ya akaunti ya benki, nimjazie kijana fomu za mkopo wa chuo. Akaniuliza, “Mwanangu, hizi namba zangu zinabaki humo? Wasije wakanipata wale wa ‘ile hela tuma kwenye namba hii’.”

Nikamjibu, “Shikamoo mama, usiwe na wasiwasi.” Salamu nilikuwa nimeshampa tangu mlangoni, lakini ndiyo hivyo, nilibabaika. Usiku nikafungua folda ya wateja. Kulikuwa na watu zaidi ya mia humo! Vitambulisho, vyeti, mishahara, hadi barua ya talaka.

Unajua Mei 2017 kilitokea nini? Kirusi kinachoitwa WannaCry kilizunguka nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Uingereza hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa. Tundu lililotumika lilikuwa limeshatolewa kiraka tangu Machi mwaka huo huo. Wengi walioumia ni wa Windows 7 ambao hawakuwa wamekibandika. Ndiyo maana ya tarehe ile 14 Oktoba: windo haizimiki, asubuhi inawaka kama kawaida, ila tundu jipya likionekana hakuna anayekuletea kiraka bure.

Nikarudi kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho. Kumbe kulikuwa na mlango wa tatu. Microsoft waliweka mpango wa kuongeza viraka vya usalama kwa Windo 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ulilipa dola 30, au pointi 1,000 za zawadi zao, au bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Mimi na dola 30 wapi na wapi! Nikachukua ya bure. Vitambulisho vya wateja nilivyomaliza kazi navyo nikavifuta, vilivyobaki nikavihamishia kwenye flashi inayolala kabatini.

Kuna mshikaji alinishauri nihamie Linux, ni bure na mashine ya zamani inaimudu. Nililijaribu wazo hilo kwa siku mbili. Barua za wateja zikawa zinafunguka mistari imehama, nikaacha. Kwako wewe wa muziki na filamu huenda likakufaa.

Baada ya hapo nikaanza kudunduliza. Nilipofika laki mbili na nusu nikarudi Kariakoo kuangalia bei. Muuzaji akanipa moja inang'aa, stika ya Windows 11 pembeni.

“Mdogo wangu, hii ni 11 orijino, chukua ukatambe.”

Nikaomba kuiwasha. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika tpm.msc. Toleo 2.0, safi. Nikaenda kwenye maelezo ya mashine kuangalia prosesa: i5-7200U. Kizazi cha 7! Kuna mtu alishairukisha ukaguzi, akabandika na stika. Nikamrudishia kwa adabu.

“Siku hizi mnakuja na darasa,” akasema huku anacheka, kisha akainama chini ya meza akatoa nyingine, i5-8350U, imechubuka kava, betri haijui saa mbili. Laki nne. Tukavutana hadi laki tatu na themanini, nikamwambia aniwekee.

Kwa hiyo nilibakiza laki na elfu thelathini. Mama yule kijana wake alishatuma fomu, ila buku jero yangu ya kuchapa hadi leo anasema nipite kesho.