Masini ya Kutetemesha Mwili

Mutu akisimama ndani ya mutumbwi na maji yakiutikisa, miguu yake inakaza yenyewe ili asianguke. Hangoji kufikiri. Masini ya kutetemesha mwili inafanya kazi kwa ginsi hiyo. Ni ubao wa chuma unaotikiswa na umeme. Unapanda na kushuka milimetre chache tu, lakini mara 20 mpaka 50 kwa sekunde moja. Mutu anasimama juu yake, magoti yamekunjwa kidogo.

Watu wanatuuliza: Mama yetu muzee hana nguvu ya kusimama. Tuuze mbuzi ili tulipe apandishwe juu ya masini hiyo? Tutajibu pole pole.

1. Inafanya nini kwa misuli?
Ndani ya musuli kuna vitu vidogo sana vinavyosikia musuli ukivutwa. Kila mutikisiko unauvuta kidogo. Habari inapita katika mishipa ya fahamu mpaka uti wa mugongo, na amri inarudi upesi: Kaza! Kwa hiyo wazee, na watu wasiozoea mazoezi, wakiendelea majuma mengi, wanaweza kupata nguvu kidogo katika miguu. Kijana anayelima kila siku hapati faida kubwa.

2. Na moyo je?
Moyo unapiga upesi kidogo, na damu inapita zaidi katika miguu. Lakini kazi hiyo ya moyo ni ndogo, karibu kama ya mutu anayetembea pole pole. Wachunguzi wengine wameona mishipa ya damu ikilegea kidogo baada ya majuma mengi. Lakini masini haiponyeshi ugonjwa wa moyo, wala haishiki nafasi ya dawa ya damu kupanda.

3. Mbona dereva wa kamio hapati nguvu, naye anatikiswa kila siku?
Kwa sababu anaketi, na mutikisiko unaingia katika mugongo wake saa nyingi bila kupumzika. Mwisho anaumwa kiuno. Juu ya masini mutu anakaa sekunde 30 mpaka 60, halafu anapumzika, na magoti yanazuia mutikisiko usifike kichwani. Ni kama chumvi: kidogo inafaa, nyingi inaharibu chakula.

4. Nani asipande?
Mwanamuke mwenye mimba. Mutu mwenye damu iliyoganda ndani ya mishipa. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo. Aliyevunjika mufupa ao kupasuliwa karibuni. Mwenye mawe katika figo ao nyongo. Mugonjwa wa moyo aulize munganga kwanza.

Basi, na mbuzi? Musimuuze. Mama aketi juu ya kiti cha nguvu, kilichowekwa karibu na ukuta. Asimame, aketi tena, mara 5. Apumzike, kisha arudie. Mutu mumoja akae karibu naye asianguke. Juma kwa juma aongeze kidogo. Atembee pia kila siku kwa kadiri anavyoweza. Shirika la Afya la Dunia linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri, kama vile kutembea upesi, dakika 150 kwa juma, ao zaidi.

Lakini kifua kikimuuma, ao pumzi ikikatika, aache mara moja. Mumulete hospitali siku ile ile, musingoje kesho.